Mikono Miwili na Thuluthi Mbili

Columbus, Ohio

Kwa ndugu zangu wapenzi wa Mombasa, wakubwa kwa wadogo, na kwa kila mzazi wa mwambao ambaye barua hii itamfikia.

Kaka yangu, aliyetutembelea huku pamoja na mwanawe wa miaka 7, amekwisha kurejea kwenu salama, nami najua kwamba hata kabla mizigo yake haijafunguliwa yote, habari ya yaliyotupata katika kiwanja cha kufurahishia watoto ilikuwa imekwisha kuzunguka mtaa mzima, ikisimuliwa kwa namna ambayo Wamarekani ni wapumbavu na mimi shangazi mtu ni msaliti. Kwa hiyo nimeona ni wajibu wangu kuandika, nusu kwa kujitetea, na nusu kwa sababu jambo lenyewe lina mengi kuliko yaliyofika barazani.

Kisa kilikuwa hiki. Siku ya tatu ya Idi, tukiwa na jirani zangu Wabarawa na watoto wao, tulikwenda kwenye kiwanja ambacho sitakitaja jina, na mtoto, aliyevaa kofia yake ya vito na viatu vipya, alikuwa amekwisha kuchagua tangu Mombasa, kwa kuitazama katika simu ya babake, pembea atakayoipanda. Nasema pembea, na barua hii yote nitaziita hivyo, ingawa ile yenyewe ilikuwa rolakosta, yaani msafara wa vigari vinavyopandishwa mlima wa chuma kisha vikaachiwa viteremke kwa uzito wao wenyewe. Mlangoni pake palisimama fimbo yenye mkono uliotokeza ubavuni, na kila mtoto hupitishwa chini ya mkono ule: kichwa kikigusa, huingia, kisipogusa, hurudi. Kimo kilichotakiwa ni inchi 48, ndiyo sentimita 122, au kwa hesabu ya mabibi zetu waliopimiwa kaniki na amerikani dukani kwa mkono, mikono miwili na thuluthi mbili. Mtoto wetu, kofia ilipovuliwa, alipungukiwa na vidole viwili.

Kaka alisema maneno ambayo mzazi yeyote angeliyasema: kwamba mtoto huyu kesha khitimu juzuu ya kwanza, kwamba anapiga mbizi ufukweni ilhali watoto wa hapa wanaogopa hata beseni, kwamba amesafiri kutoka upande wa pili wa dunia na kiingilio kimelipwa kamili. Nikayatafsiri yote. Kijana wa mlangoni, ambaye kwa umri angeliweza kuwa mwanangu, akasikiliza kwa adabu, akatikisa kichwa. Basi kaka akamshika mwanawe mkono wakaenda msalani, na waliporudi mtoto alikuwa anatembea kama bata. Safari hii kichwa kiligusa. Lakini yule kijana akatazama viatu, akaniuliza kama kuna kitu ndani yake, nami, badala ya kuligeuza swali njiani, nililifikisha kama lilivyokuja, na mtoto, Mungu amkuze, akajibu kweli: karatasi za msalani. Huo ndio usaliti wangu.

Sikumlaumu kaka, kwani mwaka wangu wa kwanza huku nami nilighadhibika vivyo hivyo. Sisi tuna kumbukumbu yetu ya vipimo. Mliosoma zamani mnajua kwamba mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, alipopelekwa skuli, alitakiwa kuupitisha mkono wa kulia juu ya utosi hadi aguse sikio la kushoto. Akilifikia alihesabiwa kuwa ametimiza umri wa kusoma, na asipolifikia alirejeshwa nyumbani akakue. Kipimo kile kiliufanya mwili kuwa shahidi wa umri, na ushahidi wake haukuwa wa kuaminika sana, maana walikuwapo waliobarikiwa mikono mirefu na akili bado changa, nao wakaandikishwa, na wengine mnawajua. Kaka aliiona fimbo ya Ohio kuwa ni sikio lile lile limehamia ng'ambo: akadhani anaambiwa kuwa mwanawe hajakomaa, akatoa hoja za ukomavu, moja baada ya moja, na kila hoja ilikuwa ya kweli, na hakuna hata moja iliyokuwa jawabu la swali lililoulizwa. Kwani fimbo ile haitaki kujua mtoto ana miaka mingapi wala amesoma nini. Inataka kujua kama chuma kitamshika.

Niruhusuni niseme kidogo juu ya chuma hicho, kwa kuwa mambo yote yapo hapo. Kiti cha pembea kimeundwa kwa mwili wa kadiri maalumu: mgongo uegemee, goti likunjike ukingoni, mkono ufikie pa kushikilia, na chuma cha kuzuilia kishuke kikae penye makutano ya paja na kiuno, wala si juu ya tumbo. Mtoto mfupi hujisogeza mbele ili miguu yake ipate kukunjika, hapo mgongo wake huachana na kiti. Na chuma, hasa kile kimoja kinachowafunga wawili, husimama penye paja la mtu mzima aliye kando, kikimwachia mdogo uwazi wa kuteleza. Gari linapopita kileleni na kuinama ghafla, mwili hutaka kuendelea kule ulikokuwa ukienda, na abiria huinuka kitini kama aliyepoteza uzito wake. Watu hulipa fedha kwa ajili ya nukta hiyo moja; na ni nukta hiyo hiyo ambayo mtoto asiyeshikwa barabara huweza kutoka. Na mwendo wenyewe umeongezeka: pembea ya reli iliyofunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1884 na LaMarcus Thompson, ambayo watu waliilipia senti 5, ilikwenda maili 6 kwa saa, mwendo wa mkokoteni. Ile iitwayo Millennium Force, iliyojengwa Cedar Point kando ya ziwa Erie mwaka 2000, hupanda futi 310, takriban mita 94, na hushuka kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa. Nayo pia kipimo chake ni inchi 48. Ziko za 36, za 42, za 54, kila moja kwa kiti chake na chuma chake, na ndiyo maana mtoto hukataliwa hapa akakubaliwa hatua ishirini mbele, jambo ambalo kaka aliliita kigeugeu.

Umri nao haukusahauliwa, ila umepewa kazi nyingine. Katika viwanja vya Disney vya huku Marekani, mtoto aliye chini ya miaka 7 hapandi peke yake, bali huandamana na mtu aliyetimiza 14, hata kama kimo chake kinatosha; kwa kuwa kimo hakimzuii mtoto wa miaka mitano kutaka kusimama katikati ya safari amwite mamake. Na wazazi wenye mtoto aliyekataliwa hupewa ruhusa ya kupokezana: mmoja hupanda, mwingine hubaki na mdogo, kisha hubadilishana pasipo kupanga foleni upya. Kaka nilimweleza hili, lakini alikuwa amekwisha kununa.

Nilichokipenda katika fimbo ile ni kwamba haina binamu wala haipokei chai. Niliona watoto wa watu waliokuja kwa magari ya fahari wakirudishwa kama wetu, na baba zao wakinung'unika kwa Kiingereza kizuri zaidi kuliko changu. Hata hivyo insafu yake ina kasoro, na sitaificha. Kwa vipimo vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume aliyetimiza miaka 7, akiwa wa wastani, hukaribia sentimita 122, yaani nusu ya wa rika lake wako chini ya hapo, na mtoto wetu hana dosari yoyote. Lakini takwimu za afya za mwaka 2022 zilionesha kwamba katika kila watoto 100 wa Kenya walio chini ya miaka mitano, 18 wamedumaa, na katika Tanzania 30, na mtoto wa namna hiyo huenda akafika miaka tisa au kumi hajaugusa mkono ule, kwa kosa la sahani iliyokuwa tupu zamani. Chuma hakijui habari hizo.

Sasa nije kwenye pembea za nyumbani. Mnakumbuka zile za kiwanja cha Makadara, siku za Idi: masanduku ya mbao yaliyoning'inia, yakizungushwa kwa nguvu za mikono, na yule mzee aliyevua shati, jasho likimtiririka, akituzungusha huku anatutazama nyuso. Akiona mtoto amebadilika uso, hupunguza. Aliye mdogo mno humpakatisha dadake mapajani kabla hajaanza. Na aliye mtundu humkemea kwa jina la babake. Hakuwa na fimbo, kwa sababu fimbo ilikuwa machoni mwake. Lakini nasikia, na kaka amenithibitishia, kwamba siku hizi zinakuja pembea za injini, zenye taa na muziki, na mwenye kuziendesha amekaa kibandani amewapa watoto kisogo anahesabu fedha. Injini haioni uso wa mtu. Mahali alipoondolewa yule mzee mwenye macho, basi angalau isimamishwe fimbo, ndilo ombi langu, na ndiyo sababu hasa ya barua hii.

Walakini msije mkadhani kwamba fimbo ikisimama mambo yamekwisha. Katika mji huu huu ninaoishi, tarehe 26 Julai 2017, siku ya kwanza ya maonyesho ya jimbo, pembea moja iliyokwisha kukaguliwa na kupasishwa ilikatika ikiwa hewani, akafariki kijana wa miaka 18. Kimo chake hakikuwa na taksiri. Chuma kilikuwa kimeliwa na kutu kwa ndani, pasipoonekana kwa nje. Nilipoisikia habari ile niliikumbuka Mombasa kabla ya jambo jingine, maana nani asiyejua hewa yetu ya chumvi inavyolitafuna hata dirisha lililopakwa rangi mwaka jana? Na Orlando, jimbo la Florida, mwezi wa Machi 2022, kijana wa miaka 14 alianguka kutoka kwenye pembea ya mnara. Yeye alikuwa ameipita fimbo kwa mbali, kwani alikuwa mkubwa wa mwili kupita kiasi cha kilo 130 alichokiweka mtengenezaji, na uchunguzi ulionesha kwamba kiti chake kilikuwa kimechezewa ili kikubali kizuizi kilichoachia nafasi kubwa kuliko ilivyopasa. Fimbo hupima udogo. Ukubwa haiupimi.

Jambo moja litawachekesha. Hapa Ohio wakaguzi wa pembea ni watu wa Wizara ya Kilimo. Nami nilicheka, hadi nilipokumbuka sho ya kilimo ya Mombasa, tulivyokwenda tukidai kuwa tunatazama ng'ombe na mahindi, na kumbe safari yote ilikuwa ya pembea.

Ndani ya mzigo wa kaka, chini ya zile kanzu, mtaona futi ya cherehani. Si ya kushonea. Naomba apewe yule bwana wa pembea za injini, kama atakubali kuipigilia misumari kwenye mlango wake kabla ya Idi ijayo, na amwulize aliyemuuzia mashine ni kimo gani kiti chake kilitengenezewa, kwani inchi 48 za Ohio huenda zisiwe zake. Akikataa, niandikieni amesema nini. Na mtoto mwambieni kwamba shangazi yake anamwombea radhi kwa habari ya viatu, na kwamba vidole viwili si vingi, inshallah mwakani.

Nisalimieni wote, na shikamoo nyingi kwa mama.

Wasalaam,
Ndugu yenu aliye ughaibuni