Mafuta ya karafuu haiko maski

Wandugu wachimbaji, na ninyi bamama munaosoma wakati bwana yuko bado kwenye shimo, leo sisemi bei ya koltani. Nasema juu ya kachupa.

Munakajua. Kanauzishwaka Birere na soko ya Virunga, mara nyingi bila etiketi, na ukifungua nyumba yote inanukia. Mafuta ya karafuu. Wafaransa wanaita clou de girofle, juu lile ua lisilofunguka, likikauka, linafanana na musumari. Kwenye kambi za wachimbaji upande wa Masisi, karibu kila bashi iko na kachupa kake: kwa jino, kwa mugongo, kwa kifua, kwa kila kitu.

Sisemi ni dawa ya uongo. Ndani yake muko kitu wanaita ejenoli, mara nyingi 70 % mpaka 90 % ya mafuta yote. Ejenoli inalalisha maumivu ya jino na inaua vijidudu. Hata madokta wa meno wanaichanganyaka na oksidi ya zinki kwa kuziba jino kwa muda. Kule Pemba, Zanzibar, ambako karafuu njo mali ya kisiwa kama koltani kwetu, kuko kiwanda pale Wawi kinachotoa mafuta kwenye makonyo, maana yake vile vijiti vinavyoshika karafuu. Kitu iko na nguvu kweli. Njo maana ninaiogopa.

Mimi mwenyewe ilinichoma. Jino la nyuma, usiku, mvua inanyesha, hakuna pikipiki ya kushuka mjini. Nikamwanga moja kwa moja kwenye fizi. Maumivu yalitulia kidogo, lakini asubuhi fizi ilikuwa nyeupe, ngozi inatoka kama ya kitunguu. Nikaendelea siku nne. Siku ya tano shavu limevimba mpaka jicho linafungika. Dokta aliyeling'oa aliniambia: mafuta ilinyamazisha jino, haikuliponya, na usaha ulikuwa unaendelea na kazi yake chini. Usaha wa jino ukienea unaweza kuua mtu mzima, mwenye nguvu ya kubeba gunia.

Kama uko mbali na huna njia ingine: tone moja ndani ya kijiko kidogo cha mafuta ya kupikia, uloweshe pamba, uguse jino, si fizi. Ao utafune karafuu kavu yenyewe, polepole. Mwenye kunywa dawa za kuzuia damu isigande aiache, juu ejenoli nayo inafanya hivyo hivyo. Na kukipambazuka utafute dokta.

Bamama, mtoto mwenye kuota meno musimupake hii mafuta. Na kachupa kakae juu, kasiwe pamoja na siro ya kikohozi. Madaktari wa inchi zingine wameandika juu ya watoto waliokunywa mililita 5 mpaka 10, ni kusema kijiko kidogo kimoja ao viwili: degedege, kuzimia, maini kuharibika. Akikunywa, musimutapishe. Mukimbie hospitali, na kachupa mukononi ili waone ni nini.

Sasa kitu chenye kunitia hasira. Vijana wanatia matone kwenye kitambaa, wanafunga pua, wanashuka. Nilisikia PDG mmoja wa shimo akiwaambia eti karafuu inasafisha hewa. Inasafisha nini? Vumbi la jiwe haliogopi harufu. Linapita kwenye kitambaa, linakaa ndani ya mapafu, na kisha miaka mtu anahema kama muzee kwa kupanda kilima kidogo tu. Tena kuko motopompe. Wengine wanaiingiza ndani ya tuneli juu mupira ni mufupi. Sumu ya moshi wake, monoksidi ya kaboni, haina harufu hata kidogo. Harufu ya moshi yenyewe ingeweza kukustusha utoke, lakini pua yako inasikia karafuu tu. Kichwa kinazunguka, unasema nikae chini kidogo nipumuzike. Wenzako watakukuta palepale.

Angalia tena nani analipa. Kachupa kananunuliwa na muchimbaji, kwa pesa yake. Lakini hewa ya shimo haiko deni ya muchimbaji. Motopompe kubaki inje, mashine ya kupuliza hewa, maski ya kweli ya vumbi, ile ni kazi ya mwenye shimo na ya kooperative, wenye kukata yao kwenye kila gunia mbele hujahesabu yako.

Kwenye mukutano mmoja niliuliza: katika ile mnayokata, ngapi inarudi kwa maski? Mukubwa mmoja akacheka, akasema vijana wamezoea karafuu. Watu wakacheka naye, hata wengine wetu. Mukutano unaokuja nitauliza tena, na nitabeba kitambaa kyenye matone matatu. Avae yeye, tushuke pamoja.