Warsha ya Vikaragosi Iingizwe Katika Bajeti ya Kituo cha Afya

Anayeogopa kumshika mgonjwa wa kifafa aliyeanguka haogopi kwa kukosa kipeperushi. Anaogopa povu. Tangu utotoni ameambiwa kuwa povu lile huambukiza, na kwamba amgusaye mgonjwa katika hali ile naye ataanguka siku moja. Dkt. Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliikuta imani hiyo huko. Sisi madaktari wa mishipa ya fahamu tunaikuta hadi leo, kila tufunguapo bandeji ya mtoto aliyeangukia mafigani pasipo mtu wa kumvuta.

Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kugusana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka, wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo, na fenobabitoni ni miongoni mwa dawa nafuu tulizo nazo. Hata hivyo, mtoto anayefichwa chumbani haifikii dawa hiyo, iwe nafuu namna gani.

Kwa hiyo nina pendekezo ambalo baadhi ya wenzangu wataliona la kitoto: vituo vyetu vya afya vigharimie warsha za bure za vikaragosi na utambaji wa hadithi vijijini.

Kwa nini vikaragosi? Mwigizaji akijifanya kuanguka, watoto humcheka, na wazee huona anajitafutia balaa. Mgonjwa halisi hatuwezi kumwomba aanguke hadharani. Kikaragosi huanguka mara kumi, hakioni haya wala hakiungui. Kikipakwa povu la sabuni mdomoni, watoto huitwa mmoja mmoja waonyeshe la kufanya: kisogeze mbali na moto, kilaze ubavu, usikitie kijiko mdomoni, usikikandamize, tazama saa, zikipita dakika 5 bila mtukutiko kukoma, mgonjwa akimbizwe kituoni. Mkono uliokwisha kugusa povu la kikaragosi huwa umevuka nusu ya woga.

Nayo hadithi hufanya kazi ambayo hotuba ya daktari haiiwezi. Bibi wa kijiji akisema "Paukwa!" na kuitikiwa, anaweza kumleta jirani mwoga ndani ya kisa bila kumtukana jirani yeyote aliyeketi pale. Sisi tukisimama na kipaza sauti, huanza kwa kuwaambia watu kuwa wamekosea, kisha tunashangaa wakinyamaza.

Njia hii si ngeni. Mwaka 2002, kipindi cha watoto cha Takalani Sesame cha Afrika Kusini kilimwingiza Kami, kikaragosi cha msichana mdogo anayeishi na VVU. Hapa kwetu, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando, walifanya kazi ya sanaa za maonyesho na wanakijiji wa Malya, wilayani Kwimba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wanakijiji wenyewe ndio waliochagua tatizo la kuzungumzia. Jambo hilo la mwisho ndilo wafadhili wengi husahau: huleta ujumbe ulioandikwa tayari, na kikaragosi hugeuka bango linalosema.

Sasa fedha. Neno "bure" hupumbaza. Vitambaa, sponji, uzi na gundi ni vitu vya bei ndogo. Gharama kubwa ni siku za watu. Fundi wa kushona vikaragosi na bibi mtambaji walipwe. Si haki waambiwe wanajitolea ilhali watumishi waliohudhuria shughuli hiyohiyo wanasaini posho. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya hupelekwa moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya, na kamati za usimamizi za vituo hushiriki kupanga matumizi. Huko ndiko warsha iombewe fungu, pamoja na elimu ya afya nyingine.

Wapo watakaouliza iwapo ni sawa kununua sponji wakati dawa hupungua. Swali ni la haki. Dawa za kifafa zikiwa zimekwisha, warsha isubiri. Ni ukatili kumwita mgonjwa kwa hadithi nzuri kisha kumrudisha mikono mitupu, na aliyeanza dawa akaikosa ghafla anaweza kuanguka vibaya kuliko awali. Dawa zikiwapo, warsha isiwe ya siku moja ya kupiga picha. Ifanyike kwa siku kadhaa, muuguzi wa kliniki awepo ajulikane kwa sura na jina, na vikaragosi vibaki shuleni au kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Baada ya miezi 6, kamati ifungue daftari la kliniki na kuhesabu wagonjwa wapya waliojitokeza kutoka kijiji kile, ndipo iamue kama warsha ya pili ilipiwe.