Ukuta pekee hautaokoa miji ya pwani

Dar es Salaam imejengewa kuta za bahari kando ya Barabara ya Barack Obama na huko Kigamboni. Mji wa Pangani nao una ukuta wake. Tunapongeza kazi hiyo, lakini isichukuliwe kuwa ndiyo mwisho wa safari.

Ukuta hulinda kilicho nyuma yake tu. Wimbi likigonga zege hurudi kwa nguvu, hukomba mchanga wa chini na kumhamishia jirani mmomonyoko. Tena, mvua kubwa ikikutana na bamvua, maji ya mifereji hukosa pa kutokea, nayo mitaa hufurika kutokea bara.

Wavuvi wa Pangani wanakijua kisiwa cha Maziwe. Kilikuwa na miti. Miti ikakatwa, bahari ikakila. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka baharini. Hata hivyo, majengo yanazidi kuyasogelea maji.

Halmashauri za pwani, kuanzia Tanga hadi Mtwara, zikae pamoja na kupanga ulinzi wa ufukwe mzima. Zisimamie mita 60 bila kumwonea mtu haya, zikomeshe uchotaji haramu wa mchanga, zirejeshe mikoko, zizibue mifereji na kutenga fedha za matengenezo ya kila ukuta. Bahari haisubiri bajeti ijayo.