Utepe mnakata, picha anasoma nani?

MWAKA jana rafiki yangu, tuliyekaa dawati moja hadi kidato cha nne, aligongwa usiku akiwa kwenye bodaboda yake. Tulimkimbiza hospitali, tukaambiwa apigwe picha ya kichwa. Kijiwe kizima kikachangishana, tukalipa. Mashine ikamaliza kazi kwa dakika chache. Kisha tukaambiwa: "Msomaji hayupo, subirini Jumatatu." Siku hiyo ilikuwa Ijumaa!

Jumatatu ikasomwa. Damu ilikuwa imevilia upande wa kulia wa ubongo. Alipasuliwa, yu hai, lakini mkono wake wa kushoto haushiki tena usukani. Mke na watoto wawili wanamtazama.

Ndugu msomaji, hebu tafakari. Mashine ilikuwepo, umeme ulikuwepo, picha ilikuwepo. Kilichokosekana ni jicho.

Tunapenda sana kukata utepe. Mheshimiwa anakuja na msafara, anapigwa picha kando ya mashine mpya, magazeti yanaandika. Hakuna anayemuuliza: usiku nani atasoma?

Kipimo cha CT si kitu cha jana. Mgonjwa wa kwanza alipigwa London tarehe 1 Oktoba, 1971, na kilichopigwa kilikuwa kichwa. Tena Allan Cormack, aliyepata Tuzo ya Nobel ya mwaka 1979 pamoja na Godfrey Hounsfield kwa kazi hiyo, ni mzaliwa wa Johannesburg, na wazo lake alilipata akiwa Cape Town. Leo Mwafrika anafia mlangoni pa kitu ambacho hesabu zake zilianzia Afrika!

Daktari wa mionzi husoma kila kitu: kifua, tumbo, mguu uliovunjika. Lakini yupo bingwa aliyesomea zaidi picha za ubongo na uti wa mgongo. Huyo ndiye anayejua kivuli kidogo ni uvimbe, ni damu au si kitu. Kwenye kiharusi dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na lazima kwanza picha ithibitishe kwamba hakuna damu inayovuja. Akikosea msomaji, dawa inageuka sumu. Sasa saa 4 na nusu na "subirini Jumatatu" vinakutana wapi?

Kigogo akiumwa kichwa anapanda ndege kwenda India. Mlalahoi anapewa bahasha.

Jamani, hatuombi miujiza. Picha za siku hizi zinasafiri kwa mtandao. Picha ya Sumbawanga inaweza kufika Dar es Salaam kabla chai haijapoa. Serikali iweke zamu ya mabingwa wa kusoma, usiku na mchana, kwa kila hospitali ya mkoa. Majina yao na mahali walipo yabandikwe ukutani, si kunong'onezwa kwa wenye shemeji wizarani.

Nanyi vijana wenzangu, msikubali bahasha tupu. Dai ripoti iliyoandikwa na kusainiwa. Dai picha zenyewe kwenye CD, umezilipia. Uliza bila woga: "Amesoma nani, na ni bingwa wa nini?" Asipokuwepo, dai rufaa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, iliyoundwa mwaka 1996, kazi yake ni pamoja na ubongo na mgongo. Na ukiona mgongo unauma, miguu inakufa ganzi na mkojo haushikiki, usiende kukandwa. Kimbia siku hiyo hiyo.

Uchaguzi ukija watatuonyesha mashine. Tuwaulize jambo moja tu: msomaji yuko wapi?