Nani Atalipia Paa?

Sera ya ustawi wa jamii hupimwa kwa nyumba wanazoishi watu. Tangu mwaka 1964, bodi ya makazi ya Singapore huwauzia raia fleti kwa hati ya miaka 99, na kila kaya huchangia matengenezo. Manispaa ya Vienna, kwa upande wake, hupangisha nyumba zake yenyewe tangu miaka ya 1920. Njia ni mbili, lakini zote zimejibu swali moja: paa likivuja, nani atalilipia?

Sisi Zanzibar tulijibu nusu tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ya Mzee Karume iliwaahidi wanyonge makazi bora. Ujerumani Mashariki ikasaidia kujenga fleti za Kikwajuni na Kilimani. Yakafuata majumba marefu ya Michenzani. Katika Mji Mkongwe, nyumba zilizotaifishwa zilipangishwa kwa familia nyingi kwa kodi ndogo. Ahadi ile ilikuwa ya haki, nami naitetea. Lakini kodi isiyotosha kununua chokaa na boriti ni deni, na mpangaji ndiye hulilipa siku ukuta unapoanguka.

Wapo wanaosema dawa ni kuwaachia wawekezaji wa hoteli. Jengo litapona, ila mwenyeji atahamishwa. Wakfu ulikwisha kutufundisha njia nyingine: kodi ya duka ilitengeneza paa la msikiti. Basi Serikali inayovuna mapato ya watalii wa Mji Mkongwe itenge, kwa sheria, fungu la kukarabati nyumba za wapangaji wake.