Viraka vya Sitara: Pazia la Bafu la Kushona Nyumbani

Bafu la familia nyingi katika Uganda ya magharibi si chumba cha ndani. Huwa ni kibanda kidogo nyuma ya nyumba, chenye kuta za matofali, mabati, miti au turubai, na mlango wake mara nyingi ni uwazi mtupu. Ndivyo zilivyo nyumba nyingi za kupanga za Nyamitanga, ng'ambo ya Mto Rwizi ukitoka katikati ya mji wa Mbarara. Ndivyo ilivyo pia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yaliyoanzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya Wanyarwanda na ambamo sasa wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Hata katika makambi ya askari na polisi, familia kadhaa zinapotumia bafu moja, shida hii hujulikana.

Uwazi huo huleta madhara. Mwanamke asiye na sitara hungoja giza liingie ndipo aoge, na giza lina hatari zake. Binti anayekua huoga kwa haraka, jicho likiwa nje. Baba aliye zamu ya usiku, au aliyepelekwa mbali kikazi, hawi na amani moyoni. Pazia haliwezi kumzuia mtu mwovu kama uzuiavyo mlango wenye komeo, lakini humwezesha mtu kuoga mchana kweupe, majirani wakiwapo, bila kuonekana. Hiyo nayo ni kinga.

Wengine hutundika kipande cha turubai jeupe, wakadhani kazi imekwisha. Usiku taa ikiwashwa ndani, kivuli cha aogaye huonekana chote kwa wapitao nje. Pazia lifaalo ni la tabaka mbili: kitambaa upande wa nje, plastiki upande wa ndani.

Kitambaa hakina haja ya kununuliwa dukani. Fundi cherehani hubakiwa na vipande vya vitenge kila siku, na nyumbani hapakosi shuka lililochakaa katikati tu, au gauni lililombana mwenyewe. Asiwepo wa kuona haya kwa sababu ya viraka. Yasimuliwa kwamba leso yenyewe, vazi la heshima la mwambao, ilianza hivyo katika karne ya 19: wanawake walinunua vitambaa vidogo vya mkononi vilivyopigwa chapa, wakaviunga sita pamoja, vitatu kwa viwili, vikawa vazi moja.

Hata hivyo kuna kitambaa kimoja kisichofaa kabisa, nacho ni sare ya jeshi au ya polisi, hata ikiwa kuukuu. Sheria za Uganda huhesabu kuwa ni kosa mtu asiye askari kuwa na sare za jeshi bila idhini. Kipande kilichotolewa kwa jirani kwa wema chaweza kumtia jirani huyo matatani. Sare iliyochakaa irudishwe mahali panapostahili.

Kwa mlango wenye upana usiozidi sentimita 90, pazia la upana wa sentimita 120 latosha. Vipande vyote vifuliwe kwanza na kukaushwa, kwa kuwa pamba mpya hurudi ikifuliwa, na kipande kitakachorudi baada ya kushonwa kitavuta vyenzake. Kisha mshonaji akate kigezo cha boksi, mraba wa sentimita 23 kila upande, akate kwacho vipande 54. Vyeusi na vya rangi nzito viwe vingi kuliko vyeupe, maana hivyo ndivyo vizuiavyo mwanga.

Vipande viungwe sita sita kuwa mistari, kisha mistari 9 iunganishwe. Kila mshono uache sentimita moja na nusu ukingoni, hata kila kipande kibaki na sentimita 20. Kwa kuwa pazia hili litafuliwa mara nyingi, mshono mmoja hautoshi. Ukingo mmoja upunguzwe ubaki nusu sentimita, ule mwingine ukunjwe juu yake, ulazwe na kushonwa tena. Hivyo nyuzi za kitambaa hufichwa, wala hazifumuki. Uzi uwe wa polista, kwani wa pamba huoza upesi penye maji. Mishono inapokutana na kuwa minene, gurudumu la cherehani lizungushwe kwa mkono, polepole, sindano isije ikavunjika. Asiye na cherehani aweza kushona kwa mkono, mradi arudi nyuma kila hatua.

Pande mbili na chini vikunjwe upindo mwembamba. Juu ushonwe mkanda wa kitambaa kigumu, ulio mara mbili, na juu yake vitanzi saba, kimoja kwa kila sentimita 20 toka pembe hadi pembe. Katika pembe mbili za chini vishonwe vifuko vidogo, kila kimoja kitiwe kokoto laini, ili upepo usilipeperushe pazia. Kila upande, katikati, kishonwe kikamba cha kufungia kwenye nguzo.

Plastiki haishonwi pamoja na kitambaa. Itundikwe kwenye kamba hiyo hiyo kwa vitanzi vyake yenyewe, ili kila kimoja kifuliwe na kukaushwa peke yake. Kamba iwe ya nailoni, maana ya katani huoza. Upindo wa chini ubaki sentimita tano juu ya sakafu, usilambe matope. Kisha usiku mmoja taa iwashwe ndani na mtu asimame nje kutazama. Panapoonekana kivuli, paongezwe kiraka.

Baada ya kuoga, kitambaa kivutwe upande kipate hewa, na mara moja kwa juma kianikwe juani, hasa miezi ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Koga hupenda kitambaa kilichokunjwa kibichi.

Familia za askari zina sababu moja zaidi ya kulipenda pazia la namna hii. Amri ya uhamisho ikifika, pazia hufunguliwa, hukunjwa na kutiwa sandukuni. Kambi mpya ikiwa na mlango mpana zaidi, safu moja ya vipande 9 huongeza sentimita 20. Pakichanika mahali, hubadilishwa kipande kimoja tu, na pazia zima likabaki.

Wala kazi hii isiachiwe mama peke yake. Baba asimamishe nguzo na kukaza kamba, watoto wakate kwa kigezo na kupanga rangi. Askari aliyezoea kushona kifungo chake mwenyewe hatashindwa na mraba wa sentimita 23. Na familia zinazotumia bafu moja zikichanga vipande, kila nyumba ikatoa vyake vichache, pazia litapatikana kwa majuma machache tu, nao watakaositiriwa nalo ni wote.