KIJANA, SAHIHI YAKO NDIYO RISITI YAO!

Ndugu msomaji, tukuulize swali moja kabla hujakimbilia ukurasa wa michezo. Tangu umalize shule umetia sahihi mara ngapi kwenye karatasi ya mahudhurio ya semina? Na katika mara zote hizo, ni mara ngapi ulisoma kilichoandikwa juu ya mstari uliosaini?

Usicheke. Swali hili lina mshiko ndani yake, na mshiko wenyewe ni wako.

Mchezo unaujua. Semina ya siku mbili, ukumbi wa hoteli, mada ni ukimwi au ujasiriamali au utawala bora, ilimradi bango limetundikwa. Mchana pilau na soda. Jioni karatasi inazunguka. Umeandikiwa posho ya shilingi 60,000, unakabidhiwa 30,000, na mwenye kalamu anakuhimiza: "Saini hapo mdogo wangu, watu wanawahi daladala." Unasaini. Nje unahesabu ulichopata, unamshukuru Mungu, unakwenda zako.

Karatasi yako nayo ina safari yake. Inabandikwa nyuma ya vocha, vocha inaingia kwenye faili, faili linakuwa tarakimu kwenye ripoti ya robo mwaka, na ripoti inatumwa Washington, London au Oslo. Huko inasomeka kwamba vijana 50 wa uswahilini wamewezeshwa.

Umewezeshwa nini? Pilau!

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunasema siku hizi daftari lipo, tena limepigwa kwa kompyuta na kufungwa vizuri, na mali inapotea vilevile. Inapotea kwa sahihi yako.

Tuelezane basi fedha hizi zinavyotembea, maana wengi tunadhani mfadhili hushuka uwanja wa ndege na gunia la noti. Sivyo. Ruzuku ni mkataba. Ndani yake kuna bajeti iliyogawanywa kwa mafungu: hili la mishahara, hili la mafuta ya gari, hili la semina, hili la dawa. Fungu la semina kwa kawaida haliwezi kununua dawa mpaka mfadhili aridhie. Mkataba una tarehe ya mwisho, na fedha ambayo haikutumika mara nyingi hurudi ilikotoka. Sasa unaelewa kwa nini semina humiminika kama mvua mradi unapokaribia kufa. Fungu linachomwa lisije likarudi!

Pia shirika mara nyingi hutanguliza kutumia, kisha hupeleka hesabu ndipo lirudishiwe. Au hupewa sehemu kidogo, na sehemu ya pili haiji mpaka ya kwanza itolewe maelezo. Kwa hiyo karatasi ni mfalme. Bila risiti na sahihi, bomba linafungwa. Ndiyo maana yule mwenye kalamu alikuwa na haraka. Hakukuhimiza kwa sababu ya daladala.

Sasa tazama mikono mingapi inashika fedha kabla yako. Mfadhili anatoa dola 100 kwa shirika kubwa la kwao. Shirika hilo linakata gharama za uendeshaji, linapeleka zilizobaki kwenye ofisi yake huku. Ofisi nayo inakata, inazipa NGO ya kizalendo. NGO inakata, inakipa kikundi cha mtaani kwako. Tuchukue mfano tu kwamba kila mkono kati ya hiyo mitatu umekata 15 katika kila 100 iliyoupitia. Dola 100 inakuwa 85, kisha 72, kisha 61. Na hapo hujalipa mshahara wa mtaalamu, hujanunua shangingi, hujakodi ukumbi wa hoteli. Hesabu hiyo haihitaji digrii. Mwenye kidato cha nne anaiweza.

Tuseme haki lakini. Gharama za uendeshaji si wizi. Pango lazima lilipwe, umeme ulipwe, na mhasibu mzuri asipolipwa atageuka mwizi. Tena hapo wazalendo wameonewa. Katika ruzuku za serikali ya Marekani, mashirika makubwa hujadiliana na serikali hiyo kiwango chao cha gharama hizo, na kinaweza kuwa kikubwa. Asiye na makubaliano hayo alikuwa akiruhusiwa asilimia 10 tu, iliyopandishwa kuwa 15 kuanzia Oktoba 2024. Mkubwa ananenepa kwa mkataba, mdogo anaambiwa ajibane halafu anatukanwa kwamba hajui kutunza hesabu.

Na hao wakubwa, je, hesabu zao ni safi kama ukumbi wa benki? Tetemeko lilipoipiga Haiti Januari 12, 2010, Msalaba Mwekundu wa Marekani ulichangisha karibu dola milioni 500. Juni 2015 waandishi wa ProPublica na redio ya NPR walichimba na kueleza kwamba nyumba za kudumu zilizojengwa ni 6. Sita, msomaji, vidole vya mkono mmoja na kimoja cha kuazima! Shirika lilikanusha, likasema limewapatia makazi watu zaidi ya 130,000 kwa njia nyingine kama vile kukarabati nyumba na kusaidia kodi. Mwaka 2016 ripoti ya Seneta Charles Grassley ikasema kiasi cha robo ya fedha, karibu dola milioni 125, kilitumika kwa gharama za ndani za shirika. Mhaiti aliyelala chini ya turubai ndiye alikuwa wa mwisho kujua.

Wakubwa wenyewe wanaujua ugonjwa huu. Mei 2016, kule Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa ya misaada ya dharura waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha zao itawafikia wazalendo kwa njia ya moja kwa moja kadiri iwezekanavyo. Mwaka 2020 ulikuja ukapita, lengo halikufikiwa. Mwaka 2021 shirika la misaada la Marekani, USAID, nalo likaahidi robo ifikapo 2025. Takwimu zake lenyewe za mwaka wa fedha 2023 zilionyesha kuwa lilikuwa bado chini ya asilimia 10. Changa la macho!

Usije ukadhani tunawasakama wazungu peke yao. Tuvuke ziwa, twende Uganda. Agosti 2005 Mfuko wa Dunia wa kupambana na ukimwi, kifua kikuu na malaria ulisimamisha misaada yake yote mitano kwa nchi hiyo baada ya wakaguzi kukuta mambo ya ovyo. Ikaundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji James Ogoola. Katika waliokumbwa alikuwemo Teddy Ssezi Cheeye, mtu wa idara ya usalama wa ndani na mwenye gazeti, ambaye NGO yake ilipewa zaidi ya shilingi milioni 100 za Uganda. Mwaka 2009 mahakama ilimpa miaka 10 jela. Nyaraka zilizotakiwa kuthibitisha kwamba kazi ilifanyika zilionekana ni za kughushi.

Unajua NGO hiyo iliitwaje? Kituo cha Uwajibikaji cha Uganda! Fisi kafungua bucha na kuandika mlangoni "Hapa hatuli nyama".

Bado upo hapo Uganda? Mwaka 2012 Mkaguzi Mkuu alifichua kwamba fedha za wafadhili kwa ajili ya watu wa kaskazini na Karamoja, waliochoshwa na vita na umaskini, zimechepushwa katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Ireland ikadai euro milioni 4 zake, na Uganda ikazirudisha. Mfadhili alirudishiwa chake. Aliyelipa ni hazina, maana yake mlipakodi wa Uganda. Na yule mama wa Karamoja ambaye kwa jina lake fedha ziliombwa? Hakuna aliyemwandikia hundi.

Hapo ndipo tunapotaka ufike nasi, msomaji. Hesabu za misaada zinapanda juu, hazishuki chini. Karani anamjibu meneja, meneja anajibu makao makuu, makao makuu yanamjibu mfadhili, mfadhili anajibu bunge la kwao. Wakaguzi wanakuja, wanafungua mafaili, wanaandika ripoti, wanapanda ndege. Aliyeandikwa kwenye mafaili hayo haulizwi hata kama alikula hilo pilau.

Na usipokuwa na daftari mkononi, siku bomba likifungwa hutajua hata ulikuwa unakunywa nini. Januari 20, 2025 Rais Donald Trump aliamuru misaada ya nje isimamishwe ili ichunguzwe. Machi mwaka huohuo serikali yake ilitangaza kufuta asilimia 83 ya miradi ya USAID, na Julai 1 shirika hilo likakoma kuendesha misaada. Mashirika mengine yalikuwa yamekwisha kufanya kazi yakisubiri kurudishiwa fedha, kesi ikafika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Machi 5 ilikataa kuzuia amri ya kuwalipa karibu dola bilioni 2 za kazi iliyokwisha fanyika. Mwenye mawakili alikwenda mahakamani. Dereva wa mradi, karani wa takwimu na kijana mwelimishaji rika wa mtaani kwako walikwenda nyumbani.

Mbona mashirika hayakuwa na akiba? Kwa sababu fedha ya ruzuku ina fungu lake, na huwezi kuichukua ukaiweka kibubu. Shirika lenye miradi kumi ya mfadhili mmoja ni tajiri Jumatatu na maskini Jumanne.

Vigogo wa serikali nao wasijifiche nyuma ya NGO. Aprili 2001, mjini Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi zimeifungia ahadi hiyo kabatini zikamwachia mfadhili dawa za walalahoi. Hapa kwetu Kanuni za NGO za mwaka 2018 ziliyataka mashirika yanayopata zaidi ya shilingi milioni 20 yatangaze magazetini yamepata nini na yametumia nini. Maneno mazuri. Lakini jiulize, serikali ilikuwa na hamu zaidi ya wewe kujua, au ya kuwashika shingo wanaoisema? Kanuni ya uwazi isiyofika kwenye ubao wa ofisi ya serikali ya mtaa ni fimbo ya mkubwa tu.

Sasa wewe utafanya nini? Hatukutumi ukapige mawe shangingi la mtu. Tunakutuma na kalamu yako.

Kwanza, usisaini karatasi tupu wala yenye kiasi usichopokea. Soma juu ya mstari. Kama imeandikwa 60,000 na mkononi una 30,000, andika 30,000 mbele ya jina lako. Posho ikipitia simuni, hakikisha namba iliyoandikwa ni yako na si ya shemeji wa mratibu.

Pili, usimsainie mwenzako ambaye hakuja. Jina hewa kwenye semina ni ndugu wa mtumishi hewa serikalini.

Tatu, mradi ukija mtaani, uliza kwenye mkutano wa hadhara maswali manne: mfadhili nani, shilingi ngapi zimefika hapa, mafungu ni yapi, na unaisha lini. Taka majibu yabandikwe ubaoni. Asiyetaka kubandika ana sababu yake.

Nne, kama una kikundi chako kinachoomba fedha, anza nyumbani. Anayeagiza asiwe anayelipa, anayelipa asiwe anayetunza daftari, hundi iwe na sahihi mbili, na risiti moja isipelekwe kwa wafadhili wawili. NGO za mfukoni zilizaliwa pale mwenyekiti, mweka hazina na mke wake walipokuwa mtu na nyumba yake.

Na kwa kuwa haki haina chama, uliza hivyohivyo juu ya ruzuku ya vyama vya siasa, hiki chetu kikiwemo. Ni kodi yako ile.

Tunajua utasema njaa ni mbaya, na 30,000 ya leo ni unga wa wiki nzima. Kweli. Lakini aliyekupa 30,000 kwa sahihi ya 60,000 hakukupa kitu. Amekuuzia nusu ya haki yako, na hati ya mauzo umesaini wewe. Dawa ikikosekana zahanati, mwanao akiungua na malaria, faili la Oslo litaonyesha kwamba ulishahudumiwa.

Aliye juu mngoje chini, walisema wazee. Sisi tunasema usimngoje umekaa. Mngoje na daftari.